Bibi wa Kihesa

Siku hiyo mapokezini pa hoteli palikuwa hapatoshi. Wajumbe wa semina walikuwa wameshuka kwa mkupuo, mabegi yametapakaa sakafuni, kila mmoja anataka chumba chenye maji ya moto na kila mmoja anataka kuhudumiwa wa kwanza. Nyuma ya kaunta alikuwa Bertha peke yake, ndani ya suti ya bluu ya hoteli na sweta jeusi juu yake, maana baridi ya Iringa mwezi wa saba haina adabu. Alikuwa anagawa funguo pamoja na tabasamu, na tabasamu lilikuwa linakaribia kuisha.

"Dada, samahani. Naomba rimoti."

"Rimoti iko chumbani, kaka."

"Ile ya chumbani mmeifunga. Haibadilishi chochote. Nataka ile nyingine, mnayoificha."

Bertha akainua uso. Mwanamume mrefu, maji ya kunde, shati jeupe lililopigwa pasi likapigika, koti la ngozi, viatu vinang'aa utadhani havijawahi kukanyaga vumbi. Mkononi alikuwa na kidude cheusi, kidogo kama kiberiti, kina mkia wa waya.

"Hicho ni nini? Bomu?"

"Hii ndiyo familia yangu," akajibu. "Mimi nauza mbegu, maisha yangu ni hotelini. Mbeya, Makambako, Mafinga, popote nikilala nachomeka hiki nyuma ya TV naangalia vitu vyangu. TV zenu nyie zina chaneli mbili tu. Moja ina bunge, nyingine ina chenga."

Wageni kwenye foleni wakacheka. Bertha naye, kwa uchovu wake wote, akacheka. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, ila nani anajua siku ya kuharibikiwa kwake? Akafungua droo, akatoa rimoti.

"Andika jina lako hapa. Ikipotea nakatwa mimi."

"Isakwisa. Na wewe nani mwenzangu?"

"Bertha."

"Bertha!" Isakwisa akashika kifua. "Mtoto mzuri hivi, jina la bibi kizee!"

"Nenda zako huko. Wanyakyusa mna maneno."

Akaenda, lakini hakwenda mbali. Simu ya mapokezi ikawa haipoi. Mara kidude hakiingii, TV imebanwa ukutani. Mara kimeingia lakini Wi-Fi ya hoteli inakikataa. Mara kimekubali kwa intaneti ya simu yake, ila kuangalia peke yake kunamtia huzuni. Kufikia safari yake ya tatu, Bertha akitoka zamu alikuwa anakuta chai ya maziwa inamsubiri mgahawani. Kufikia mvua za kwanza, alikuwa anapenda. Si kupenda kwa kujaribu. Alipenda mzimamzima, mpaka Anjela wa jikoni akamwambia, "Shoga, utaungua."

Jina la kizee likawa jina la mahaba. Isakwisa akipiga kutoka Mbeya, huanza kwa heshima zote.

"Shikamoo bibi!"

Na Bertha, ambaye aliigiza tangu shule ya msingi, hukwaruza koo na kutoa sauti ya kikongwe asiye na meno. "Marahaba mume wangu. Umekula?"

"Nimekula bibi. Miguu inaendeleaje?"

"Miguu imekufa, mume wangu. Njoo unichue."

Wakacheka weee mpaka salio likaisha. Hakujiuliza hata siku moja kwa nini wakati mwingine simu nzima inaisha kibibi hivyohivyo, bila neno moja la ujana.

Siku ya ugomvi, ilikuwa mchana, hotelini. Isakwisa alimwita chumbani amwonyeshe tamthilia mpya. Kidude kikawaka, kikauliza kwenye kioo cha TV ni nani anaangalia, na chini yake yakatokea majina mawili. La kwanza Isa. La pili Mke Wangu.

Bertha hakupiga kelele. Aliweka rimoti juu ya kitanda, akashuka ngazi, akamhamishia kwenye chumba kilichopakana na jenereta. Kisha akazima simu yake. Isakwisa akapiga ya mapokezi.

"Bertha, nisikilize."

"Mapokezi, karibu."

"Mpenzi, jamani!"

"Mapokezi, karibu. Chumba chako kina tatizo gani, baba?"

Akashuka mwenyewe, kalegea, macho mekundu. "Huyo ni bibi yangu! Bibi mzaa mama, yuko Tukuyu, ndiye aliyenilea. Ananiita mume wangu, mimi namwita mke wangu, tangu naota meno. Nikiwa nyumbani anaangalia kwaya zake humo. Sasa nimwandike nani? Mheshimiwa?"

 Nani nchi hii hajaitwa mume au mke na babu yake au bibi yake? Bibi yake mwenyewe Bertha, marehemu, alimwita kaka yake Bertha mume wangu mpaka siku anafumba macho, na kwenye msiba wajukuu wa kiume walitaniwa kwamba ni wajane. Aibu ikamshika mpaka masikioni.

"Ana simu nimwombe radhi?"

"Hasikii vizuri, mama. Utachoka bure."

"Basi nisalimie mke mwenzangu."

Akamfumia shali. Zambarau, ukingo wa njano, uzi mzito wa kuzuia baridi ya Tukuyu. Njano ikamwishia katikati ya ukingo, dukani akakuta iliyokolea zaidi, akamalizia hivyohivyo huku anajisemea kwamba bibi hata macho hayaoni vizuri. Akalituma kwa basi la Mbeya, juu ya mfuko kaandika jina lake mwenyewe na namba yake ya simu kama watu wa mizigo wanavyotaka. Isakwisa akamwambia yuko njiani kwenda Sumbawanga, ila mzigo utapokelewa.

Majibu yakaja na Isakwisa mwenyewe: mchele wa Kyela na kopo la dawa ya kuchua miguu.

"Mke mwenzio anasema ndaga, asante sana. Anasema pole na miguu."

"Heh! Amejuaje kama nasimama kutwa nzima?"

"Wazee wanajua," akasema Isakwisa, akambusu kwenye paji la uso.

Wacha wee! Mwanamume huyo alikuwa na roho gani sijui. Maana ndiye aliyetamka kwamba atakuja kuposa, wala hakulazimishwa. Mama Marta, mama yake Bertha, mjane wa mwalimu, akapaka rangi sebule ya nyumba yao ya Kihesa. Akanunua mapazia, akafunga TV mpya ukutani. Akamwalika baba mdogo, Bartolomeo, kutoka Mlandege, na mashangazi, na wanawake wa jumuiya ya kanisani ambao kwa miaka walikuwa wanamwuliza kila Jumapili, huyu binti vipi?

Siku ikafika. Bertha kavaa gauni la kitenge cha kijani lililomkaa mwilini, nywele kasuka upya. Isakwisa akaingia na suti ya kijivu na mshenga wake, Mzee Edmund, mzee wa kofia aliyeonekana kama aliyeazimwa asubuhi hiyo. Soda zikafunguliwa. Baba mdogo akalalamika kwamba TV nzuri hivi halafu king'amuzi kimeisha muda.

"Hilo dogo, baba," akasema Isakwisa. Ugonjwa wake ulikuwa huohuo, hawezi kuona TV akaiacha. Akatoa kidude mfukoni, akakichomeka, akakipa intaneti ya simu yake. Kwaya ikaanza kuimba. Mashangazi wakapiga makofi. Mama Marta akamtazama Bertha kwa macho ya mtu aliyelipwa.

Chakula kikaliwa. Baba mdogo akasimamisha kwaya ili wazee waongee, rimoti akabaki nayo mkononi. Mzee Edmund akakohoa, akaanza, "Sisi wageni wenu tumepita, tumeona ua..."

Bertha alikijua kile kidude. Kikikaa kimya kidogo huanza kupitisha picha zenyewe: mlima, ziwa, mlima mwingine. Picha zikaanza. Lakini haukuwa mlima.

Ilikuwa picha ya Isakwisa amevaa aproni, anakoroga sufuria. Mtu akacheka. Ikapita, ikaja ya mwanamke kijana, mweupe wa uso, anacheka jua likimpiga, na mgongoni amebeba mtoto mchanga. Mtoto kafungwa kwa shali. Zambarau, ukingo wa njano, na katikati ya ukingo njano inakolea.

Mzee Edmund akanyamaza na ua lake.

"Naomba rimoti, baba," Isakwisa akasema, jasho limeshamtoka.

"Acha, tuone," akasema baba mdogo. "Huyu nani?"

"Dada yangu."

Picha ikabadilika. Shela jeupe, suti nyeusi, keki ya ngazi tatu.

"Kwenu dada mnawalisha keki hivyo, kwa mdomo?"

Hakuna aliyecheka. Bertha alikuwa anaangalia shali tu, hata picha ilipopita alikuwa bado analiona.  Isakwisa akamgeukia, akafungua mdomo, na Bertha akamwahi.

"Shikamoo bibi," akasema polepole. "Si ndiyo unavyoanza ukiwa kwake? Anakuwa amekaa pembeni yako anakusikia?"

Isakwisa akaangalia sakafu. Jibu likawa hilo. Baba mdogo akafungua mlango, wala hakupandisha sauti, na suti ya kijivu ikatoka mbio, Mzee Edmund nyuma kashika kofia. Aliondoka hata kidude hakukumbuka. Ila picha zilikuwa zimeshaingia humo, intaneti iwepo isiwepo, zikaendelea kupita: mtoto anaoga, mtoto anapiga miayo. Wanawake wa jumuiya hawakuondoka. Walikuwa wanaangalia. Mama Marta alijifunika uso na khanga, akalia mbele ya wote aliotaka wamwone akicheka.

Simu ya Bertha ikaita. Namba ngeni. Akaipokea akidhani ni Isakwisa, anapiga kwa simu ya kuazima.

"SHIKAMOO BIBI!"

Sauti ya mwanamke, anapiga kelele kama anayemwita mtu ng'ambo ya mto. Sebule nzima ikasikia.

"Bibi, ni mimi Juliana! Mke mwenzio wa Mbeya! Nisamehe napiga kelele, Isa kaniambia husikii vizuri! Namba yako niliitoa kwenye mfuko wa shali! Mume wetu simu yake haipatikani! Alisema anakuja Iringa kukuona, amefika salama?"

Bertha akakaa. Kwenye TV mwanamke huyohuyo alikuwa anacheka.

"Amefika," akasema.

"Asante Mungu! Bibi, lile shali mtoto halali bila hilo! Na sikia, jana nimemfanyia kitu! Nimemwekea picha zetu kwenye kile kidude chake, yeye hajui! Nikasema akichomeka kwa bibi, na bibi atuone, maana tangu nimeolewa hajanileta nikakusalimia! Mmetuona?"

Mama Marta alitikisa kichwa. Usimwambie, mwanangu. Ingekuwa rahisi tu, akwaruze koo, aseme marahaba, amwache yule mwenzake alale na mtoto wake. Bertha akafikiri hivyo, kisha akafikiri kwamba atakuja Bertha mwingine, Mafinga au Makambako, na yeye atakuwa bibi wa huko. Na ukweli usemwe, alitaka pia kuwe na mtu mwingine anayeumia kama yeye.

"Tumewaona," akasema kwa sauti yake mwenyewe, ya ujana. "Ukoo mzima umewaona. Mimi siyo bibi, Juliana. Nina miaka ishirini na saba. Leo alikuja kuniposa."

 Mtoto akasikika analia huko Mbeya, na mtu akimbembeleza bila maneno. Juliana aliporudi hakuwa anapiga kelele tena.

"Masikio ni mazima?"

"Mazima."

"Na miguu?"

"Miguu inauma kweli," Bertha akasema, na hapo machozi yakamtoka. "Nasimama mapokezi kutwa nzima."

"Pole," akasema Juliana, akakata simu.