Ufunguo Ulioonekana Pichani

Nyumbani kwetu asubuhi huanza kwa mlio wa funguo. Binti yangu hufungua karakana yake, chumba cha mbele kinachotazama barabara. Mimi nachemsha chai huku nimetega sikio. Nikiusikia mlio ule, najua mwanangu yupo salama.

Yeye ni fundi wa kufuli. Alianza kujifunza kwa marehemu baba yake, kisha akaenda chuo cha ufundi, akapata cheti. Mlango ukigoma, anaitwa yeye. Ufunguo ukipotea, anachonga mwingine. Watu wamembatiza Funguo, na mimi nimekuwa Mama Funguo. Kazi hii ni ya kuaminiwa. Anayekupa ufunguo wake amekupa nyumba yake.

Siku moja meneja wa jengo la ofisi alimpigia simu. Alikuwa anatafuta fundi wa kudumu wa milango yake yote.

"Nitumie maelezo ya kazi yako na picha zako," alisema. "Wenzangu wanataka kukuona kabla hatujaamua."

Funguo akarukaruka kwa furaha. Mimi nikaweka kikombe changu chini.

"Picha za nini?" nikauliza. "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza."

"Mama, chema kikifungiwa kabatini kitajiuza kwa nani? Kwa mende?"

Nikacheka mdomo tu. Moyo haukucheka.

Akaja binamu yake, tunayemwita Mbwembwe, na simu yake mpya. Hakuuliza picha ni za nini wala nani atazitazama. Alimvalisha Funguo koti la suti la kaka yake, mabega yakaning'inia. Akamvika na miwani ya jua. Kisha akamsimamisha mbele ya ubao wa karakana, pale zinapotundikwa funguo za wateja, kila ufunguo na kibandiko chake.

"Shika funguo kadhaa! Ziinue juu! Waone kazi ipo!"

"Unafanana na mwizi aliyefanikiwa," nikamwambia binti yangu.

Wakacheka. Mbwembwe akapiga picha, akaziweka mtandaoni papo hapo.

Mchana sifa zikamiminika. Funguo alikuwa akinisomea mojamoja, mara sauti yake ikafifia. Mtu asiye na picha wala jina la kueleweka alikuwa ameandika: "Huo ufunguo wenye kibandiko cha bluu ni wa mlango gani?"

"Labda ni mteja," Mbwembwe akasema.

"Mteja huuliza bei," nikajibu. "Ufunguo wa mwenzake unamhusu nini?"

Nilimshika Funguo mkono, tukashuka kwa jirani yetu mpiga picha, Mbwembwe akitufuata. Mama huyu hupiga picha za kazi za mawakili, madaktari na walimu. Tunamwita Mama Tulia, kwa sababu kila anayekaa mbele ya kamera yake huambiwa, "Tulia." Hata mimi nikimpelekea hofu zangu huniambia hivyo hivyo.

Siku ile hakusema tulia. Aliikuza picha kwa vidole viwili.

"Soma kibandiko hiki cha bluu," akamwambia Funguo.

"Duka la dawa, mlango wa nyuma."

"Na meno ya ufunguo?"

Funguo akatazama. Akaketi bila kukaribishwa.

"Yanaonekana yote. Mama, mimi mwenyewe ningeweza kuuchonga kwa kutazama picha hii."

Akilini nilimwona mwenye duka lile, Mama Dawa, akifungua asubuhi na kukuta rafu tupu. Nilimwona mwanangu akiitwa mwizi.

"Ziondoeni sasa hivi," Mama Tulia akasema. "Lakini msifikiri yamekwisha. Aliyetaka kuihifadhi ameshaihifadhi. Nendeni mkamwambie mwenyewe."

"Akinifukuza je?" Funguo akauliza.

"Heri akufukuze leo akiwa bado na duka lake," Mama Tulia akajibu.

Mbwembwe akaziondoa picha, mbwembwe zote zimemwisha. Sisi tukaenda kwa Mama Dawa. Funguo alimweleza kila kitu, bila kumtaja binamu yake. Mama Dawa alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Ufunguo wangu nilikupa wewe, fundi," akasema. "Sikuipa dunia."

"Kweli, mama. Nisamehe. Nimekuja na kufuli mpya. Niruhusu nibadilishe sasa hivi, bila malipo."

Alibadilisha. Nilisimama nyuma yake nikimtazama kila aliyepita. Kisha tukaenda kwa wateja wengine ambao funguo zao zilionekana, nyumba kwa nyumba. Mmoja alitufungia mlango usoni, akatafuta fundi mwingine wa kumbadilishia kufuli.

Kesho yake Mama Tulia akaja karakanani bila kamera.

"Mbona mikono mitupu?" nikauliza.

"Picha ya kazi huanza kabla ya kamera. Funguo, nani ataziona picha hizi?"

"Meneja na wenzake."

"Wakikutazama, unataka wajue nini?"

Funguo akafikiri. "Kwamba najua kazi. Na kwamba mtu anaweza kuniachia mlango wake."

"Basi miwani ya jua ya nini? Mtu akikuachia mlango anataka kuyaona macho yako. Vaa ovaroli lako la kazi, safi, lililopigwa pasi. Tutapiga picha ya uso, na nyingine mikono ikiwa kazini."

"Kazini kwenye kufuli ya nani?" nikadakia.

"Swali zuri, Mama Funguo."

"Ninayo kufuli ya mazoezi ya chuoni," Funguo akasema. "Haina mlango, haina mwenyewe."

"Hiyo hiyo. Ubao utaondolewa. Akipita mteja, haonekani mpaka akubali. Nitakuja asubuhi, mwanga unapoingia mlangoni. Na picha haitumwi mpaka tuikuze na kuikagua, kona hadi kona."

Funguo aling'oa na vile vibandiko vyote. Sasa kila ufunguo una namba tu, na maana yake anaijua yeye.

Asubuhi ya picha nilikuwa na hofu kuliko anayepigwa picha. Mama Tulia akaweka kamera tayari.

"Ngoja!" nikapiga kelele. "Na ule?"

Wote wakageuka. Kwenye mlango wa ndani, nyuma ya bega la Funguo, ulikuwa unaning'inia ufunguo wa nyumba yetu wenyewe.

Mama Tulia alicheka mpaka akashika mbavu. "Huyu mama nitamwajiri!" Nikauchomoa, nikauficha mfukoni. Ndipo akasema, "Sasa tulia." Sijui alimwambia mwanangu au mimi. Tulitulia wote wawili.

Meneja alipiga simu wiki iliyofuata.

"Picha zako zimetupendeza," alisema. "Tukaulizia pia kwa wateja wako. Mwenye duka la dawa ametueleza yote, hata kosa lako. Fundi anayekuja mwenyewe kusema ufunguo wako umeonekana, huyo tunamkabidhi milango yetu."

Sasa mlio wa funguo wa asubuhi umezidi.

Lakini yule aliyeuliza kuhusu kibandiko cha bluu hatujamjua mpaka leo. Huenda alikuwa mdadisi tu. Huenda. Kwa hiyo wewe unayejiandaa kupigwa picha ya kazi, ukishamaliza kutengeneza uso wako, geuka. Tazama kilicho nyuma yako.