Aliyebisha Mara Tatu

Mkutano ulikuwa haujafunguliwa, lakini tayari kulikuwa na mtu sebuleni.

Sebule ndilo jina walilokipa chumba cha kusubiri, pale kwenye kituo kilichoendesha mikutano ya video ya vyuo na taasisi zote za utafiti. Chuo hakikuhangaika na mitambo yake. Kilipiga simu tu, kikapewa chumba cha mkutano na mtu wa kukaa mlangoni. Mtu huyo wenzake walimwita Bawabu. Kila mgeni alingoja sebuleni kwenye skrini mpaka Bawabu abonyeze "Ruhusu". Asiyetakiwa alibonyezewa "Ondoa", akapotea. Kazi ya kidole kimoja, na kidole chenyewe kilikuwa na kiburi kumshinda mwenye nacho.

Mchana ule Bawabu hakuwa na kiburi. Saa nane kamili binti yake angetetea tasnifu yake ya udaktari akiwa chumbani kwake nyumbani. Miaka sita ya kusoma, jopo moja, saa moja. Wiki nzima mkewe alikuwa akimwita "Baba Dokta", naye akiitika bila aibu. Zamu ile alijipangia mwenyewe.

Yule wa sebuleni hakuwa na jina. Paliandikwa "Simu" tu.

"Nani huyo?" aliuliza fundi wa sauti, mwanamke aliyekaa naye meza jirani.

"Mpita njia," alisema Bawabu, akabonyeza Ondoa.

Simu ikarudi. Akaiondoa tena. Ikarudi.

Fundi alinusa huku na huku. "Kaka, mbona hapa ndani pananuka hospitali?"

Bawabu alikuwa ameshaisikia ile harufu ya dawa, na alijua imetoka wapi.

Mwaka uliopita mwanamke mmoja, mtafiti wa magonjwa ya mimea, alilazwa siku chache kabla ya kutetea tasnifu yake. Hakukubali kuahirisha. Aliazima simu ya muuguzi akaingia sebuleni akiwa kitandani, na kwa kuwa simu haikuwa yake, jina lake halikuonekana, paliandikwa "Simu" tu. Kanuni ya kituo ilisema asiye na jina aulizwe kwanza. Bawabu alikuwa na chai mkononi na uvivu wa kuuliza. Alimwondoa mara tatu. Jopo lilingoja nusu saa likatawanyika, na Bawabu akaandika kwenye ripoti neno moja: Hakujitokeza. Siku ya nne mwanamke yule akafa.

Mama yake alikuja kituoni kuuliza. Bawabu alimwonyesha ripoti. "Karatasi haidanganyi, mama."

"Mwanangu alipiga hodi mara tatu," alisema yule mama bila kulia, fundi naye akisikia. "Nilikuwa nimemshikia simu."

Sasa spika za mezani zilianza kutoa pumzi, pumzi ndefu ya mtu anayevuta hewa kwa mpira, na katikati yake maji yakichemka polepole, kama kwenye chupa ya oksijeni ya wodini. Fundi alitazama mitambo yake. Vipaza sauti vyote vilikuwa vimezimwa.

"Hodi," ilisema spika.

Saa nane kasoro dakika mbili jina la binti likatokea sebuleni, chini ya Simu. Bawabu alilibonyezea Ruhusu haraka. Jina likapotea. Kwenye chumba cha mkutano jopo lilikuwa peke yake, na mwenyekiti, yuleyule aliyengoja nusu saa mwaka uliopita, alikuwa akitazama saa.

Simu ya mkononi ikalia. "Baba Dokta, vipi tena?" mkewe alinong'ona. "Mtoto anasema umemtoa!"

"Mwambie arudi."

Binti alirudi. Bawabu alibonyeza Ruhusu kwa uangalifu, akiangalia kidole chake kama cha mtu mwingine, na jina likapotea tena.

"Hodi," ilisema spika, karibu zaidi.

Fundi alikuwa amesimama, mgongo ukutani. "Kaka, mwosha huoshwa. Umebakiwa na mara moja. Jopo lilelile liko hapo. Fungua kipaza sauti, useme ulichomfanyia yule dada. Sema kabla mtoto hajabisha tena."

"Nikisema, kazi sina."

"Na usiposema?"

Jina la binti likatokea mara ya tatu. Bawabu alifikiria kiti chake, na lile neno aliloliandika kwa mkono wake, na aibu ya kulikana mbele ya maprofesa, na akajiambia kwamba mitambo ni mitambo, huharibika na kutengemaa, na kwamba mara hii itakubali, na wakati akijiambia hayo pumzi ya kwenye spika ikakatika, maji yakaacha kuchemka, chumba kizima kikawa kimya kikimngoja, na kidole chake kikabonyeza.

Jina likapotea.

Ndipo alipofungua kipaza sauti na kulia kwa sauti, akaungama yote: simu ya kuazima, mara tatu, chai, ripoti. Mwenyekiti aliinamia kamera yake.

"Bawabu, midomo tunaiona, lakini hatukusikii."

Simu ya mkononi ikalia. Mara hii mkewe hakunong'ona. "Hayumo! Mlango ulikuwa umekomewa kwa ndani, tumeuvunja, kiti bado kina joto na yeye hayumo! Na chumba chote kinanuka hospitali!"

Jopo likaondoka, mmoja baada ya mwingine. Mitambo ikajiandikia ripoti yake. Mbele ya jina la binti lilikuwepo neno moja: Hakujitokeza.

Sebuleni hapakuwa na "Simu" tena. Palibaki jina la binti peke yake, na pembeni mwake hapakuwa na Ruhusu wala Ondoa.

"Hodi, baba," ilisema spika. "Baba, hodi."