Ngiri ya Mbwana Mdogo

Nyumbani kwa Shomari, kule Chamazi, mtoto alikuwa haruhusiwi kulia. Akikunja uso tu, nyumba nzima inasimama. Mama anaacha kufua, baba anaacha chai, bibi Mwanakombo anawahi kumbeba. Mfalme gani alihudumiwa hivyo?

Sababu ilikuwa uvimbe. Mbwana alizaliwa njiti, miezi haijatimia. Alikaa hospitali mpaka akaongezeka uzito, wakaruhusiwa. Sasa kila akilia, kinundu kinatokeza kwenye kinena. Akinyamaza, kinarudi ndani.

"Asilie tu, kitaisha," alisema bibi. "Na arobaini yake bado. Hatoki nje."

Tunu, mama wa mtoto, hakuridhika. Lakini kubishana na mama mkwe si kazi ndogo. Alimwita jirani yao Sekela, muuguzi wa wodi ya watoto.

"Shikamoo, mama," Sekela alimwamkia bibi. Akamtazama mtoto. "Hii ni ngiri."

"Ngiri? Si ugonjwa wa wanaume wazima huo? Huyu hata gunia hajabeba!"

Sekela alicheka. "Hajabeba, mama. Mtoto akiwa tumboni, kuna kinjia hapa kwenye kinena. Kwa kawaida hujifunga karibu na kuzaliwa. Njiti anawahi kutoka, kinjia kiko wazi, utumbo unachungulia. Kilio kinausukuma tu."

"Tumfunge kitambaa?" aliuliza Shomari.

"Hapana, baba Mbwana. Kitambaa hakizibi, wala kuchua. Ni upasuaji. Mpelekeni hospitali, daktari apange siku. Ila uvimbe ukiwa mgumu na haurudi, au akitapika, msingoje hata kidogo. Utumbo ukibanwa unaoza."

"Tutampeleka arobaini ikipita," alisema bibi.

Jumamosi asubuhi Mbwana alilia, akabembelezwa wee, hakunyamaza. Uvimbe ulikuwa mgumu. Akatapika.

Tunu alimfunika mtoto kanga. "Mama, nisamehe. Mie naenda naye."

Bibi alimtazama mjukuu wake. Mtoto alikuwa amepauka.

"Nikusamehe nini? Arobaini tutamsomea nani, mtoto akitutoka? Shomari, ita bajaji!"

Hospitali, walimpa mtoto dawa ya kutuliza maumivu. Daktari akaurudisha utumbo taratibu.

"Mmewahi," alisema. "Uvimbe uliobaki ukipungua, tutamfanyia upasuaji. Msijaribu kuusukuma wenyewe nyumbani."

Baada ya siku mbili Mbwana alipasuliwa, njia ikafungwa. Usiku ule alilala wodini chini ya uangalizi, kwa sababu njiti anaweza kusita kupumua baada ya dawa ya usingizi. Kulipokucha alinyonya vizuri. Tunu alicheka na kulia kwa pamoja.

Kidonda kilipopona, siku moja Mbwana aliangua kilio akiogeshwa. Kwa mazoea, wote walisimama. Bibi alikitazama kinena. Hakuna kinundu, ni kovu dogo tu.

"Kaeni chini nyie!" alisema, machozi yakimlengalenga. "Lia, mume wangu, lia!"

Mbwana akalia kwa nafasi yake mpaka akachoka, akalala.