Mpini Mwekundu wa Bomba la Bia

Mwenzenu si mtu wa ushirikina. Nimekereza mbao miaka thelathini, na mti kwangu ulikuwa mti tu. Nasema hilo mapema msije mkadhani haya mambo niliyatafuta mwenyewe.

Jioni moja ya Novemba nilivuka barabara kumrudishia Bi Erna Zastrow bakuli lake la saladi ya viazi. Huku Wisconsin mwezi huo giza linaingia saa kumi na moja. Nikamkuta nyuma ya nyumba, amesimama kando ya gogo fupi lililokaa kama kigoda, upande mmoja limeungua. Nilipoliona nikasahau bakuli. Mti mweupe kama maziwa, na ndani yake mistari myekundu... wekundu mbichi.

"Umelipenda?" akaninong'oneza.

"Bi Erna, hilo nalo la kuuliza? Hapo natoa mpini wa bomba la bia, watu watoe macho! Marlys wangu anatimiza miaka hamsini Jumamosi."

"Sema unalitaka."

"Nalitaka, mama."

Akanibebesha. Mikononi alivaa glavu za kuoshea vyombo. Dirishani juu, binti yake Arlene alikuwa anakula mkate. Arlene huyohuyo ambaye mtaa mzima tulisema kwa ugonjwa ule Krismasi hataiona. Nikampungia mkono. Akafunga pazia.

Nilifanya kazi siku tatu. Ukiwa na baa yako chini ya nyumba, mpini wa bomba, ule unaovutwa bia itoke, ndio kitu wageni wanakitazama kwanza. Nikaukereza, nikaupiga msasa ukateleza, nikatoboa tundu chini na kutia nati ya shaba. Vanishi nikapaka mara saba, maana wekundu wa ndani ya mti hufifia upesi. Kila fundi anajua hilo.

Kwetu glasi ya kwanza huvutwa na aliyetengeneza mpini. Ndiyo desturi. Ila siku ile ilikuwa ya mke wangu.

"Vuta wewe, mpenzi," nikamwambia.

Akavuta. Wendell Kubiak, rafiki yangu tangu shule, akapaza sauti: "Marlys, povu lote hilo, unataka kunyoa ndevu?" Tukacheka mpaka machozi. Kisha Wendell akaupapasa ule mpini. "Lyle, ukiuchoka huu, wa kwangu."

Jumatatu Marlys hakuweza kupanda ngazi.

Hospitali wakasema damu imepungua. Wakamwongezea. Ikapungua tena. Wakatafuta inapovujia, hawakupaona. Mke wangu aliyekuwa akibeba pipa zima la bia akawa mweupe hadi midomo.

Na mimi kila nikishuka chini kwenye baa, nasikia kitu kinadondoka...

Tk.

Tk.

Tk.

Bomba limefungwa. Pipa tupu. Sakafu kavu kabisa. Lakini harufu ipo, harufu ya chuma kilicholowa. Nikawasha taa, nikautazama mpini. Mistari haikufifia. Ilikuwa imepanda, imekaribia kileleni. Nikaugusa.

Ulikuwa na joto.

Sikuvaa hata koti. Nilimgongea Bi Erna mlango kwa ngumi. Akafungua kidogo tu.

"Nani alikuwa wa kwanza kuutumia?" Hata salamu hakuna.

"Mke wangu."

Akafumba macho. "Kwangu ni binti yangu, alilikalia. Tuliletewa kama zawadi, gogo la kukalia. Arlene akawa wa kwanza."

"Umetoka wapi mti huu?"

"Sijui. Aliyetuletea naye hakusema."

"Nitauchoma leo hii!"

"Mume wangu alijaribu kulichoma." Sauti yake ikakatika. "Unakumbuka jeneza lilivyofungwa, Lyle? Unadhani kwa nini hatukulifungua?"

Nilikumbuka.

"Huwezi kuutupa," akaendelea kunong'ona. "Unampa mtu. Anayeutaka mwenyewe, aseme kwa mdomo wake. Atakayeutumia kwanza kwake... unamhamia, na wako anapona."

"Ukanipa mimi! Jirani yako!"

"Nilikuwa na mtoto anakufa," akasema, akafunga mlango.

Nilimweleza Marlys kila kitu. Nilitegemea atanicheka. Hakucheka. Alinishika mkono wa shati.

"Wendell aliutaka," akasema.

Basi nikaenda. Sitajisafisha hapa. Niliufungua mpini, nikautia mfukoni, ukanipasha joto njia nzima. Jua lilikuwa linazama nilipofika kwa Wendell.

"Nimekuletea. Bado unautaka?"

"Nautaka? Bwana wee, njoo nikubusu!" Akaugeukia mlango wa jikoni. "Tess! Njoo uone Lyle alicholeta!" Akaniambia, "Katimiza ishirini na moja leo, sheria inamruhusu bia. Glasi ya kwanza atavuta yeye."

Tess, binti yake, akaja mbio, mikono ina unga wa keki. Mimi na Marlys ndio tuliomsimamia ubatizo. Nilimbeba kanisani akanitapikia suti. Akanyoosha mkono.

Nikaurudisha mpini mfukoni.

"Una ufa," nikasema. "Nimeuona sasa hivi. Nitawatengenezea mwingine."

"Mchoyo mkubwa wewe!" Wendell akacheka. Nikatoka huku nalia.

Njiani nilijiambia Marlys atanielewa. Nilijiambia hata yeye asingeweza. Nilimkuta amekaa kitandani, amechana nywele, amepaka rangi ya midomo. Wiki mbili hakuwa ameketi.

"Wamefurahi?" akauliza, anatabasamu.

Akatazama mfuko wangu. Tabasamu likamtoka.

"Lyle... bado unao?"

"Ni Tess, Marlys. Tess ndiye angevuta."

Akaugeukia ukuta. Nikangoja aseme nimefanya vyema.

"Rudi," akasema.

"Mpenzi, ni mtoto wetu wa ubatizo..."

"Najua ni nani. Rudi, Lyle. Naogopa. Sitaki kufa."

Katika miaka ishirini na sita ya ndoa hakuwahi kuniomba kitu nikamnyima.

Sasa nimekaa kwenye ngazi, mpini mapajani. Mistari imefika juu kabisa. Kule chumbani bado ananiita, "Rudi... rudi..." na kila mara sauti ni ndogo zaidi.

Sijainuka.