Ubao wa Tabaka Saba

Kama hujawahi kupita Petite Barrière, kivuko cha mpaka kati ya Gisenyi na Goma, saa mbili asubuhi, usiniambie unajua msongamano. Ilikuwa kiangazi cha mwaka 1999, vumbi jeusi la volkano limewaingia watu mpaka kwenye kope. Wanawake wenye beseni za nyanya walikuwa wakishuka kuelekea Goma, wabadilisha fedha wakiita, mbuzi wakikanyagana. Katikati ya wote hao msichana mmoja alikuwa amesimama juu ya ubao wenye magurudumu manne madogo, akipenya kati ya watu bila kumgusa mtu.

Alivaa jinzi iliyokunjwa hadi juu ya vifundo, raba nyeupe zilizokwisha kuwa za kijivu, na kitambaa cha kitenge kichwani. Jina lake Igihozo. Alizaliwa Bukoba, wazazi wake wakiwa wakimbizi, na baada ya vita alirudi kukaa kwa shangazi yake Murekatete. Alikuwa akifanya kazi katika kabini ya simu karibu na soko, kazi ya kukaa, na kukaa ndiko hasa asikokuweza.

Nyuma yake alikuja Mudathiru, kijana wa Kiislamu wa mtaa wa Majengo, amepiga goti moja juu ya chukudu mpya. Chukudu ni chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, kinabeba magunia bila kunung'unika. Mafundi wa pale walikuwa na sheria yao: fundi hakabidhi chombo kabla ya kukishusha mteremko yeye mwenyewe, na mzigo juu. Kama kitaua mtu, kianze na aliyekitengeneza.

Asubuhi hiyo nusura kianze na mtu mwingine. Mudathiru alipiga kelele, Igihozo akaruka kando, ubao ukabaki njiani. Chukudu na magunia yake matatu ya viazi ikapita juu yake, na ubao ukalia mara moja tu.

"Unaona ulichofanya?" Igihozo aliuliza, vipande viwili mkononi.

"Pole, dada. Mi nilipiga makelele kutoka kule juu. Iko muteremuko, na hii chukudu imezaliwa leo, haijajua kusimama."

"Na baba yake ni nani?"

"Ni miye."

"Basi baba atengeneze alichovunja mtoto."

Mudathiru akashindwa kuzuia kicheko. Alivishika vile vipande, akavigeuza. "Na hii kitu inaitwa je?"

"Skeitibodi. Kaka yangu Gentil aliniletea kutoka Brussels."

"Bon. Leta hii kachukudu kesho, kwa karakana ya muzee Habiyaremye, nyuma ya soko."

"Kachukudu?"

"Si iko mutoto ya chukudu?"

Alikwenda kesho yake, na tangu siku hiyo mji mzima ukaita ubao ule kachukudu.

Sasa nikuambie jambo ambalo Mudathiru hakumwambia Igihozo. Alipoutazama ubao uliovunjika, aliona ukingoni mistari saba. Haukuwa ubao mmoja. Zilikuwa mbao saba nyembamba zilizogandishwa kwa gundi, nyuzi za moja zikilala kwa urefu, za nyingine kwa upana. Ndiyo maana ulikuwa unapinda na kurudi. Akafikiria masanduku ya zamani ya majani ya chai, yale ya mbao nyembamba. Akafikiria pia siku ngapi kazi hiyo ingechukua. Akaweka vipande juu ya rafu na kuchukua njia ya mkato.

Ubao wa kwanza aliuchonga kwa mkaratusi, mti wa kutengenezea chukudu. Akafunga magurudumu ya Igihozo chini yake, akamkabidhi. Siku ya tatu akaenda duka la dawa, akaomba simu.

"Allo, kabini?"

"Kabini. Unataka namba gani?"

"Nataka ile ya kwako."

"Mteja, simu hii ni ya kazi."

"Na mi naulizia kazi. Ubao inatembea je?"

Igihozo alishusha sauti, kwa sababu bibi mmoja alikuwa akingoja kuongea na Kigali. "Unatembea kama mlango. Hauinami. Kila changarawe ya barabara ya ziwani naihesabu kwa magoti."

"Lakini haivunjike."

"Hautavunjika mpaka siku ya kiyama, Mudathiru. Ndiyo shida yake."

Ilikuwa shida hata kwa Mudathiru. Siku kumi na mbili zilipita bila Igihozo kukanyaga karakana, maana hakuwa na cha kurekebisha. Kijana akawa anapiga randa huku jicho liko mlangoni, mpaka mzee Habiyaremye akamuuliza kama kuna mtu anayemdai.

Ubao wa pili ukawa wa grevilea, mti mwepesi wenye mawimbi mazuri. Huo ndio uliompendeza Igihozo. "Unacheza chini ya mguu," alisema kwenye simu. "Kwenye kona unanibembeleza."

"Ubao ndiyo inakubembeleza, ao fundi?"

"Mwambie fundi asijisifu, bado ni mapema."

Siku ya sita ulikatika katikati. Igihozo alikuja karakana akicheka, vipande kwapani, na sambaza za kukaanga, dagaa wa ziwani, ndani ya karatasi. Walikula wamekaa juu ya benchi la kazi, maranda yakiwashika nguoni. Yeye akamweleza jinsi ubao ulivyolia kabla ya kukatika, Mudathiru akamfundisha kusikiliza mbao kwa kuzigonga kwa ukucha. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Mzee Habiyaremye alitoka nje kutafuta ugoro ambao ulikuwa mfukoni mwake.

Jumapili yake Mudathiru alimfuata ziwani. Barabara ile ya majumba ya zamani ndiyo pekee iliyokuwa na lami laini, na Igihozo aliipanda na kuishuka juu ya ubao wa mkaratusi, akirudi kila mara kwenye ukuta alipokaa kijana.

"We haukae hata kidogo," Mudathiru alisema.

"Nikikaa naumwa. Bukoba waliniambia kwenu ni Rwanda. Hapa sokoni wananiita Mtanzania. Gentil anapiga simu kila wiki, anasema kwetu ni kule atakakonipeleka yeye. Fomu amekwisha jaza, kilichobaki ni mimi kusema ndiyo."

"Na we unasema je?"

"Mimi nasema, nipe ubao mwingine."

Maneno hayo yalimwingia Mudathiru vibaya. Usiku alipanga hesabu ya kijinga: ubao unaodumu humpeleka mbali, ubao unaovunjika humrudisha. Asubuhi alichagua kipande cha sipre chenye jicho, pale tawi lilipoota zamani. Aliliona jicho lile. Alilipitisha chini ya penseli mara mbili, kisha akachora ubao hivyohivyo, jicho likaangukia karibu na mahali pa mguu wa mbele. Hakumwambia mtu. Wala hakuwahi kuzishusha mbao za Igihozo mteremko mwenyewe, kwa kisingizio kwamba hajui kusimama juu yake.

Njia ya mwongo ni fupi, na hii ilikuwa na urefu wa siku nne. Igihozo alikuwa akishuka barabara ya sokoni, mchana kweupe, ubao ulipopasuka kwenye jicho. Aliangukia mkono. Kwanza waliocheka walikuwa wanaume wa stendi, kisha wanawake wa vitunguu, na mmoja akasema ndiyo dawa ya binti asiyejua kukaa.

Aliingia karakana mkono umefungwa kwa kile kitambaa chake cha kichwa. Mzee Habiyaremye alipokea vipande, akavisogeza kwenye mwanga.

"Nani alikata hii?"

"Ni mi, muzee," Mudathiru alisema.

"Jicho iko hapa, kwa muguu ya mbele. Hata kipofu angeigusa angeiona. Na we ulishuka nayo?"

"Hapana."

"Hapana," mzee alirudia taratibu, akavirudisha vile vipande mezani.

Igihozo alimtazama Mudathiru. "Uliliona?"

"Niliona."

"Kwa hiyo na wewe ni wale wale. Mnataka nianguke mbele ya soko zima ili nijifunze kukaa."

"Hapana, Igihozo."

Kuna wanaume ambao ufasaha wao wote uko kwenye simu. Angesema tu, nilitaka urudi, maneno mawili. Alisimama na randa mkononi mpaka msichana akatoka.

Jioni hiyo Gentil alipopiga simu, Igihozo alisema ndiyo. Akapangiwa siku: Jumatatu, ubalozini Kigali kuomba viza, kwa hiyo Ijumaa apande basi dogo alale kwa rafiki wa shangazi. Mudathiru alipiga simu siku tatu mfululizo.

"Kabini. Namba gani?"

"Igihozo, ni mi."

"Hiyo namba haipo."

Siku ya tatu, kabla hajakata, Igihozo alimwambia jambo moja: Ijumaa saa tatu anaondoka, kwa hiyo magurudumu yake ayaache kwa shangazi Murekatete. Mudathiru akahesabu. Zilibaki siku sita.

Akateremsha vipande vya ubao wa Brussels kutoka rafuni. Akabomoa masanduku matano ya chai, akachagua mbao nyembamba zisizo na doa, akazipaka gundi na kuzilaza moja kwa urefu, moja kwa upana, mpaka saba. Akazibana juu ya kalibu aliyoichonga, ncha mbili zimeinuka kidogo, na juu yake akapanga mawe ya volkano mpaka mzee akauliza kama wanajenga nyumba. Tabaka za kwanza ziliachana, akaanza upya. Hakupiga simu tena. Kila siku alijua anachokitengeneza: ubao ambao hautamrudisha mtu.

Ijumaa saa mbili na nusu Igihozo alikuwa kwenye stendi, juu ya mteremko wa soko, amevaa gauni la bluu la kanisani la shangazi yake na raba zake zilezile, begi miguuni. Mkono ulikuwa umepona nusu. Mudathiru alitokea akiwa na kanzu nyeupe ya swala ya Ijumaa, ubao kwapani, magurudumu yamekwisha fungwa.

"Nilisema uyaache kwa shangazi."

"Nilisikia. Lakini kwanza fundi anashuka."

"Mudathiru, hujui kusimama."

"Najua kuanguka, inatosha."

Akaweka ubao chini, akapanda. Watu wa stendi wakageuka. Alikwenda hatua ishirini amechuchumaa, mikono hewani, kanzu imejaa upepo, akapita vitunguu, akapita mbuzi, halafu gurudumu likakutana na jiwe. Alianguka kifudifudi mbele ya wanawake wale wale. Walicheka zaidi ya siku ile. Alisimama, kanzu nyeusi kwa vumbi, akaokota ubao na kupanda tena juu ya mteremko. Akashuka mara ya pili. Akaanguka tena, karibu na barabara ya lami. Ubao ukagonga ukingo wa mfereji kwa kishindo, ukaruka, ukatua juu ya magurudumu yake mzima.

Aliporudi alikuwa akichechemea na kidevu kinatoka damu. Igihozo hakucheka.

"Lile jicho niliona," Mudathiru alisema. "Niliacha sababu ubao ikivunjika unakuja. Ile ya mukaratusi ilikukalisha siku kumi na mbili bila kunifikia. Nilikosa, nilikuumiza. Hii hapa haivunjike. Nimeipima kwa mwili yangu. Hata Brussels itafika. Hautakuwa na sababu ya kurudi kwangu."

Igihozo aliupokea. Aliugonga kwa ukucha kama alivyofundishwa, akaupeleka puani. Ulinuka chai. Kondakta alikuwa akipiga bati, na abiria wakimsukuma. Akapanda na ubao.

Mudathiru aliswali na kanzu chafu. Kisha akarudi kazini, na kwa wiki nzima hakuna mbao iliyopona mikononi mwake. Mzee Habiyaremye alimwacha aharibu. Kila simu ya duka la dawa ilipolia, randa ilisimama.

Kigali, Igihozo alikaa kwenye foleni saa nne, ubao magotini. Alipofika dirishani aliulizwa anakwenda kufanya nini. Jibu alikuwa amelikariri, Gentil alimfundisha kwenye simu. Alifungua kinywa, akasikia harufu ya chai, akajikuta hana hamu ya kulisema. Maisha yake yote alikuwa amepelekwa mahali ambapo wengine walisema ni kwao. Aliomba radhi, akachukua karatasi zake. Usiku alimpigia Gentil; walibishana mpaka kadi ikaisha.

Ijumaa iliyofuata Mudathiru alisikia magurudumu madogo juu ya mawe ya uani. Aliijua sauti ile, lakini hakuthubutu kuinua kichwa mpaka kivuli kikaanguka juu ya benchi. Igihozo alikuwa mlangoni, jinzi imekunjwa, ubao mkononi.

"Imevunjika wapi?" Mudathiru aliuliza.

"Haujavunjika."

Mudathiru aliuchukua, akautazama ukingoni, akahesabu tabaka zote saba. Hakukuwa na hata ufa. Mzee Habiyaremye akaanza kutafuta ugoro wake.

"Basi unakuja kufanya nini?"

"Kukaa kidogo," Igihozo alisema, akapanda juu ya benchi. "Kabini watanipa kazi tena Jumatatu. Na shangazi anauliza ni nani yule mwendawazimu wa kanzu aliyeangukia vitunguu."

Mudathiru alifuta mikono kwenye suruali, mara mbili. "Nitume wazee kwake?"

"Utatuma. Lakini kwenu nani hushuka kwanza?"

"Fundi."

"Basi twende. Yuko nyumbani sasa hivi."

Mudathiru akalaza randa ubavu, akachukua shati lake msumarini, na wakatoka.