Umri wa Picha ya Golikipa

Fundi alikuwa akishona sare za shule tangu asubuhi. Juu ya cherehani yake ilining'inia picha ndogo yenye ukingo mweupe, mpana zaidi upande wa chini. Ilikuwa picha ya papo hapo, ile inayotoka kwenye kamera na kujisafisha yenyewe ukiitazama. Kijana mwenye jezi ya golikipa alikuwa ameshika mwamba wa goli. Jezi ilikuwa ya marehemu baba yake fundi, na namba ni yake. Baba alifariki fundi akiwa bado anatambaa, na sura yake hakuikumbuka. Picha hii aliikuta kwenye sanduku la bibi yake, akaamini ndiye. Kila alipofungua duka aliiamkia.

Siku hiyo alikuja mteja kubadilishiwa zipu. Kumbe alikuwa mkusanyaji wa kumbukumbu za michezo. Alipoiona picha, zipu akaisahau. Fundi akamwambia ni baba yake, siku klabu yake ilipocheza fainali ya kombe. Mteja alisema kama kweli ilipigwa siku ya fainali, angeiomba kwa maonyesho ya klabu. Ila alitaka uhakika, maana picha za kughushi zimejaa kila mahali.

Alipoondoka, fundi akachukua kitambaa chenye maji na mkasi. Alitaka kuifuta, kisha apunguze ukingo. Jirani yake mwenye studio ya picha, aliyekuja kuchukua gauni, akamzuia mkono.

"Dada yangu, weka mkasi chini. Ukikata ukingo umetupa ushahidi. Na maji yataiharibu."

Jirani aliishika picha pembeni, asiguse uso wake. Aliikagua kwa lenzi. Alieleza kuwa nakala ya printa huonyesha vitone vya wino, na hii haikuwa navyo. Kisha akaigeuza. Nyuma kulikuwa na namba zilizopigwa kiwandani. Namba hizo huonyesha filamu ilitengenezwa lini, lakini kila aina ya filamu ina namna yake ya kusomwa, kwa hiyo mtu hakisii. Akaenda nayo studio kulinganisha na mwongozo. Aliporudi, alikuwa ametulia mno.

"Picha ni halisi," alisema. "Baba yako alifariki mwaka gani?"

Fundi akamtajia.

"Basi kaa kwanza. Filamu hii ilitengenezwa mwaka uliofuata. Filamu inaweza kukaa kabatini muda mrefu kabla ya kutumika. Lakini picha haiwezi kuizidi filamu yake umri."

Fundi alikaa kama aliyemwagiwa maji ya baridi. Siku zote hizo alikuwa akimwamkia nani?

Alimwendea baba yake mdogo, fundi redio, akamwekea picha mezani. Mzee aliitazama, akaweka bisibisi chini.

"Huyo ni mimi."

Mzee akaeleza kuwa klabu ilicheza mechi ya kumkumbuka kaka yake, ikamwomba asimame golini na jezi ile. Mpira hakuujua. Magoli yaliingia kama watu wanaokimbia mvua. Aliona aibu, akamsihi mama yake asimwambie mtu.

"Baba alifanana nawe?" fundi aliuliza, machozi yakimlenga.

"Vilevile. Ila yeye alikuwa anadaka."

Fundi akacheka huku analia.

Aliiweka picha kwenye mfuko angavu, mbali na jua. Mzee akasimulia ilipigwa wapi, lini na kwa kamera ya nani, naye akaandika yote. Mkusanyaji alirudi akayasoma. Alisema kwa jina la fainali angeikataa, lakini kwa ukweli wake ataitundika mlangoni.

Ikatundikwa, na jina la baba mdogo chini yake. Beki mmoja mstaafu wa klabu alisoma jina hilo, akaulizia mwenye picha, akaelekezwa dukani kwa fundi.

"Mimi ninaye kaka mtu," alisema, akatoa bahasha. "Siku ya fainali yenyewe."

Fundi aliipokea picha kwa pembeni, uso ukiwa chini, akamwita jirani. Jirani alisoma namba, akaenda na kurudi.

"Filamu imeitangulia fainali," alisema. "Haya, mgeuze sasa."

Fundi akamgeuza baba yake, akamwona kwa mara ya kwanza.