Sarafu Iliyozungushwa Kichwani

Dhahabu hainenepi. Burhanuddin, sonara wa Iringa mjini, alilijua hilo kabla hajajua kusoma. Kwa hiyo Jumatatu asubuhi, mizani ya dukani ilipoonyesha kwamba sarafu ya gramu nane sasa ina gramu tisa, alibadilisha betri. Jumanne ikawa gramu kumi na mbili. Akanunua mizani mpya.

Angemsikiliza mkewe, wala asingehangaika. Lakini nani aliwahi kumsikiliza Nurbanu katika nyumba ile?

Sarafu aliileta Moiz, kaka yake Nurbanu, kutoka Mbeya, siku binti yao Alifiya alipoposwa. Ilikuwa sarafu ya ukumbusho, ya wale wanaokusanya, si ya kununulia kitu: upande mmoja injini ya moshi, upande wa pili maneno ya kuadhimisha reli ya kwanza. Moiz aliizungusha mara saba juu ya kichwa cha mpwa wake ili kuondoa husuda, kama walivyofanyiwa mama zao wote. Na kila mtoto wa ukoo ule anajua kinachofuata. Kilichozungushwa kichwani hakilali ndani. Hutolewa kwa maskini siku hiyo hiyo, kiende na mabaya yake.

Burhanuddin akaifumbata. "Hii haitoki," alisema. "Babu wa baba yangu alivuka bahari kuja kutandika reli. Hii ni heshima yetu." Akampelekea ombaomba wa nje shilingi mia tano, sarafu akaiweka kwenye kabati la kioo dukani. Nurbanu alinyamaza mbele ya wageni, usiku akamsihi aitoe, akapuuzwa, na mpaka leo anajilaani kwa ukimya ule.

Wiki ya pili nyumba yao, iliyo juu ya duka, ilianza kunuka moshi wa makaa ya mawe, ingawa jiko lao ni la gesi. Kila siku baada ya adhuhuri nyundo zilisikika chini ya sakafu zikigonga chuma: mara tatu, kimya, mara tatu. Na Alifiya alikuwa anaisha. Anakula, anaisha. Bangili zilimshuka hadi kiwikoni akiinua mkono, gauni la harusi lilipunguzwa mara mbili, hospitali hawakuona ugonjwa, na mchana mmoja Nurbanu alimpandisha kwenye mizani ya bafuni, kisha akashuka dukani kuishika ile sarafu, akakuta haiinuliki kwa mkono mmoja, akaelewa bila kuambiwa na mtu kwamba kilichotoka kule juu ndicho kilichoingia humu, akapanda ngazi akiita jina la mwanawe huku moshi ukimkaba koo na zile nyundo zikigonga sasa ukutani, pembeni yake, ngazi kwa ngazi, zikimsindikiza hadi kitandani.

Alifiya alikuwa ameketi, macho meupe. Sauti iliyomtoka ilikuwa ya mwanamume, kavu kwa vumbi.

"Nilibeba vyuma vile kwa bega. Udongo ukaniporomokea, wakatandika reli juu yangu. Leo mnachora injini kwenye dhahabu, mnasema mnakumbuka. Mnamkumbuka nani?"

"Tusamehe," Nurbanu alinong'ona. "Mwache mtoto."

"Nilizungushwa juu yake, sikutolewa. Basi nakula hapa hapa. Nitoeni, mkono kwa mkono. Atakayenipokea, huyo ndiye wangu."

Nurbanu aliifunga sarafu kwenye kanga, akaibeba kwa mikono miwili hadi kwa Paskalina, anayeuza nyanya za Ilula pale kibarazani.

"Kamwene, mama Alifiya," Paskalina alisalimia. Aliitazama sarafu bila kuigusa. "Ya nini hii?"

Nurbanu alitaka kudanganya. Akashindwa, akamweleza yote.

Paskalina alifuta mikono kwenye kitenge chake, polepole. "Yaani mikosi ya mwanao uniletee mimi? Kwani mimi sina watoto? Miaka yote tunapokea vihela vyenu tunasema asante, kumbe mnatutupia uchafu." Hakupaza sauti hata kidogo. "Ondoka nayo, mama. Mpe aliyeitaka."

Maneno yale yalimchoma Nurbanu kwa sababu yalikuwa ya kweli. Alirudi dukani akiwa na hasira ya miaka ishirini na sita ya ndoa, akamwambia mumewe apande juu, na kwa namna alivyosema, alipanda. Alifiya hakuweza tena kuinua kichwa kutoka kwenye mto wa kulalia. Mama yake akaizungusha sarafu juu yake mara saba kwa mikono miwili, kisha akamgeukia Burhanuddin.

"Chukua."

"Nurbanu, unaniua."

"Uliitaka mbele ya wageni wote, na mimi nikanyamaza. Sasa kataa. Mtazame mwanao usoni, umwambie kwamba umekataa."

Burhanuddin alimtazama Alifiya. Midomo ilimcheza, labda akimtafuta babu wa baba yake, labda akitafuta uongo. Kisha akakunjua viganja vyote viwili, akapokea. Nyundo zikanyamaza.

Asubuhi Alifiya aliomba mkate na mayai mawili. Akala yote, akaomba tena. Upande wa pili wa meza baba yake, aliyekuwa amemaliza sahani yake ya tatu, alivua mkanda wa suruali, akachukua msumari, akatoboa tundu jipya. Akaupima kiunoni. Akatoboa la pili.

Nurbanu alimwona. Akavunja yai lingine kikaangoni, akampa binti yake.